Anza na kipimo, mwanangu, kabla ya kidonge

*Barua*

Shikamoo mama.

Mimi ni mwanamke wa miaka 24, naishi Ngarenaro hapa Arusha, nashona nguo kwenye fremu ya dada yangu. Nina mtoto wa kiume wa miezi 14. Nilimzaa kwa oparesheni kwa sababu presha ilipanda sana mwezi wa nane wa mimba, uso ukavimba, macho yakawa yanaona nyotanyota. Daktari aliniambia nisibebe mimba tena mpaka mtoto afikishe miaka miwili au zaidi. Nikachoma sindano ya miezi mitatu mara mbili, nikawa natoka damu kila wiki, nikaacha.

Mama, hedhi yangu ya mwisho ilianza tarehe 3 Januari. Nilipoona siku zimepita nikanunua P2, nikameza mbili, baada ya wiki nikameza tena mbili. Hazikusaidia. Nimepima mkojo, mistari miwili, nikanunua kipimo kingine, mistari miwili tena. Leo ni tarehe 25 Februari.

Mzazi mwenzangu yuko Mererani. Nilipomwambia alinyamaza, halafu akasema tutaongea. Sasa simu yake haipatikani. Dada yangu hajui. Hii fremu ni yake na watoto wake watatu wanaitegemea, nitamwambiaje?

Rafiki yangu amenipeleka kwa kaka mmoja anayeuza duka la dawa. Hakuniuliza chochote zaidi ya “una miezi mingapi”, akanifungia vidonge vinne kwenye kipande cha gazeti, elfu arobaini. Nimeviweka kwenye kopo la maziwa ya mtoto juu ya kabati. Kuna na daktari mwingine, anasafishia watu nyumbani kwake huko Unga Limited, yeye anataka laki na nusu.

Mimi ni muoga mama. Naogopa kufa nikamwacha mwanangu, naogopa kufungwa, naogopa kutozaa tena. Nataka kujua njia zenyewe zikoje, ipi ina hatari gani, na mtu akiwaza jambo hili anaanzia wapi. Na kitu kingine, sijui kama kinahusika, tangu juzi tumbo linanichoma chini upande wa kushoto, na nimeona matone ya damu ya kahawia kwenye chupi. Nikadhani ndiyo P2 imeanza kufanya kazi.

Nijibu tafadhali, hata kwa kifupi.

*Jibu*

Marahaba mwanangu. Sitakujibu kwa kifupi.

Naanza na hilo ulilolitaja mwisho ukidhani halihusiki. Maumivu ya upande mmoja na matone ya damu kwa mwanamke mwenye mimba changa ni jambo la kupimwa leo. Ukisoma hapa ni usiku, nenda usiku huohuo. Inawezekana si kitu kikubwa, wanawake wengi hutoka matone wiki za mwanzo na mimba ikaendelea salama. Lakini inawezekana pia mimba imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija. Mkojo hauwezi kukuambia hilo. Mistari ni ileile miwili, iwe mimba iko mahali pake au iko nje. Mrija hauna nafasi ya kukuza mimba, hutanuka mpaka unapasuka, na damu humwagikia ndani ya tumbo, huioni. Dalili nyingine inayowapotosha watu ni maumivu ya bega, wanadhani wamelala vibaya, kumbe damu ya tumboni imefika juu na inasumbua mshipa wa fahamu. Ukisikia bega linauma, kizunguzungu, au ukitaka kuzimia, usingoje basi la kifodi, omba gari lolote.

Sasa fikiria ungevimeza vile vidonge vinne. Kama ni dawa kweli, vingebana kizazi, ungetoka damu, tumbo lingekata, ungejiambia yameisha. Na mrija ungeendelea kutanuka, maana vidonge hivyo haviigusi mimba iliyo nje ya kizazi. Mimba ya namna hiyo haiwezi kukua ikawa mtoto. Hutibiwa kwa oparesheni, na ikiwahiwa mapema, wengine hutibiwa kwa sindano. Hapo hakuna daktari atakayejiuliza kuhusu sheria, ni kuokoa maisha yako.

Una sababu ya pili ya kuonwa, nayo ni lile kovu la oparesheni. Mara chache mimba hujipandikiza palepale kwenye kovu, na mtu akiivuruga bila kujua, damu yake haishikiki. Kwa hiyo kwako wewe, kabla ya swali la kuzaa au kutozaa, lipo la mimba hii imekaa wapi. Jibu lake liko kwenye ultrasaundi, na kwa hesabu zako inaweza kuonekana. Mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si siku mliyokutana. Kutoka tarehe 3 Januari mpaka 25 Februari ni siku 53, yaani wiki 7 na siku 4. Kwa wiki hizo mfuko wa mimba unapaswa kuonekana ndani ya kizazi. Usipoonekana, daktari atataka kujua kwa nini, na kipimo cha damu cha homoni ya mimba kitamsaidia.

P2 nayo tuimalize hapahapa. P2 haitoi mimba. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke, ndiyo maana inamezwa mapema baada ya tendo, ndani ya siku 3. Mimba ikishatunga, umeze mbili, umeze kumi, haifanyi kitu, na hata hiyo mimba haiidhuru. Hayo matone si kazi yake.

Uliuliza kama utafungwa. Nitakwambia sheria ilivyo, nisikudanganye kwa kukuhurumia. Tanzania Bara, kutoa mimba ni kosa la jinai. Yamo kwenye Kanuni za Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 150 kinamhusu anayemtoa mwanamke mimba, adhabu inafika miaka 14. Cha 151 kinamhusu mwanamke mwenyewe, miaka 7. Cha 152 ni cha anayetoa dawa au kifaa akijua kitatumika hivyo, miaka 3, na huyo kaka wa gazeti yumo. Lakini kuna kifungu cha 230, ambacho hakimtii hatiani mtu aliyefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Nchi yetu pia iliridhia mwaka 2007 Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ambayo inataja sababu za kuruhusu mimba itolewe: kubakwa, mimba ya maharimu na afya ya mama kuwa hatarini, ila sheria zetu za ndani hazijabadilishwa zifanane nayo. Daktari wa hapa anafanya kazi chini ya Kanuni za Adhabu.

Nakwambia haya kwa sababu historia yako si ya kawaida. Presha iliyopanda mpaka uso ukavimba na macho yakaona nyotanyota, mtoto akatolewa kwa kisu, ni hali iliyokaribia kifafa cha mimba. Inaweza kujirudia. Sisemi moja kwa moja kwamba hiyo inakupa ruhusa, wala mimi si wa kusema. Atakayesema ni daktari wa wanawake akishakupima presha, mkojo, figo na moyo. Mweleze yote, usipunguze. Beba ile kadi ya kliniki ya mwanao na karatasi ya kuruhusiwa hospitali kama bado unayo, maana humo mna namba za presha ambazo kichwa chako kimeshasahau.

Njia zenyewe sasa. Umeuliza na una haki ya kuelewa, kwa sababu anayekuficha anakuachia yule wa dukani akufundishe.

Ya kwanza ni vidonge. Shirika la Afya Duniani linatambua dawa mbili. Mifepristoni huzuia homoni ya projesteroni, ile inayoishikilia mimba. Misoprostoli hulainisha mlango wa kizazi na kukifanya kibane, na hii ilianza maisha yake kama dawa ya vidonda vya tumbo. Mbili pamoja, kwenye wiki za mwanzo, hufanya kazi kwa zaidi ya wanawake 95 katika kila 100. Misoprostoli peke yake inafanya kazi pia, ila wanaobaki na mabaki ni wengi zaidi. Mwanamke hutoka damu nyingi kuliko hedhi, na mabonge, tumbo hukata, anaweza kutetemeka, kutapika, kuharisha. Damu nyepesi huendelea wiki mbili au zaidi. Hayo ni ya kawaida. Yasiyo ya kawaida nitayasema chini.

Masharti yake ni manne, na huyo kaka hakutimiza hata moja. Mimba iwe ndani ya kizazi. Wiki ziwe zinajulikana. Dawa iwe dawa kweli. Na mwanamke awe na pa kukimbilia ikienda vibaya. Hilo la dawa kuwa dawa kweli linanikera sana. Misoprostoli haipatani na unyevu. Ndiyo maana hufungwa kwenye kipande cha karatasi ya alumini, kila kidonge na chumba chake, na nyuma pana jina, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Ikitolewa humo ikafungwa kwenye gazeti na kukaa kwenye droo, nguvu inapungua, unameza nusu dawa. Unatoka damu, mimba inabaki. Na mtoto aliyepitishiwa dawa hii tumboni akabaki anaweza, japo si mara nyingi, kuzaliwa na kasoro za mikono, miguu au mishipa ya uso. Vidonge vinne visivyo na jina haviwezi kukuambia ni misoprostoli, ni panadoli au ni chokaa.

Ya pili ni kuvuta. Mhudumu aliyefunzwa huganzisha mlango wa kizazi, huingiza mrija mwembamba wa plastiki uliounganishwa na bomba kama la sindano kubwa, anavuta. Dakika 5 mpaka 10. Hiki ndicho kifaa kinachotumika hospitali zetu kumsafisha mwanamke ambaye mimba imeharibika ikabakisha, na kikiwa mikononi mwa anayejua, kwenye chumba safi, madhara yake ni machache.

Ya tatu ni ya zamani, kukwangua kwa chuma. Shirika la Afya Duniani limeshasema iachwe, nafasi yake ichukuliwe na kuvuta au vidonge. Na ndiyo hiyo wanayofanya “madaktari” wa vyumbani. Chuma kikali, hakionekani kinakoelekea, kinaingia kwenye kizazi ambacho wewe kina kovu la miezi 14. Kinaweza kutoboa. Kinaweza kukwangua ukuta mpaka pande mbili zigandane, hapo ndipo hedhi inapokauka na mtoto hapatikani. Kisipochemshwa kinaacha usaha. Huyo wa laki na nusu, muulize swali moja tu kichwani mwako: damu ikikataa kukata saa nane za usiku, ana chupa ya damu chumbani?

Na zipo zile ambazo hata kuzitaja kunanichosha, bluu ya nguo, majivu, mizizi ya kuingiza ukeni, spoku, kumeza fungu la dawa za malaria. Hizi zinaua ini, figo, moyo, zinatoboa utumbo. Mimba mara nyingi hubaki.

Ulisema unaogopa kutozaa tena. Mimba ikitoka kwa njia salama haimfanyi mwanamke kuwa tasa. Ugumba unaletwa na uchafu uliobaki ndani ukaoza, na usaha unaoziba mirija, na chuma. Kwa hiyo hofu yako ni ya kweli, ila ielekeze kwa huyo wa Unga Limited.

Miaka ya nyuma, wodi fulani hapa Moshi, aliletwa binti kwenye siti ya nyuma ya teksi. Kanga mbili zimelowa, ya tatu imekunjwa katikati ya miguu. Nilimuuliza amefanya nini, akasema amedondoka bafuni. Nikauliza tena, bafuni. Mwenzangu mmoja akamfokea mbele ya watu, binti akafunga mdomo kabisa. Tulipoteza karibu saa nzima tukitafuta jeraha ambalo halikuwepo. Alipotamka kwamba ni kijiti, joto lilikuwa limefika 40. Alipona. Kizazi kiliondolewa. Alikuwa na miaka 19, na mpaka leo nakumbuka vidole vyake vilivyokuwa vimeshika pindo la ile kanga asiiachie.

Nimekupa hiki kisa kwa sababu moja. Ukishafika hospitali na damu, sema ukweli: umemeza nini, lini, vingapi, nani amekuingiza kitu. Huduma baada ya mimba kuharibika ni huduma halali nchini, inatolewa iwe mimba imetoka yenyewe au imetolewa, na kazi ya kwanza ya mhudumu ni kukuokoa. Akikufokea, mwache afoke, wewe usiondoke kitandani. Utafiti uliofanywa na watafiti wa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), Chuo cha Muhimbili na Taasisi ya Guttmacher ya Marekani ulikadiria kwamba mwaka 2013 mimba kama 405,000 zilitolewa Tanzania, na wanawake wapatao 66,600 walitibiwa hospitali kwa madhara yake. Waliopata madhara wasifike hospitali walikuwa wengi kuliko hao. Wengine hofu ndiyo iliyowabakiza nyumbani.

Dalili za kukimbilia hospitali, hata kama mimba imetoka yenyewe: kulowesha pedi kubwa mbili kwa saa moja, saa mbili mfululizo, homa inayozidi siku moja, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu yasiyotulia kwa dawa, kuzimia, tumbo kuwa gumu. Moja tu inatosha.

Na kama ultrasaundi itaonyesha mimba iko mahali pake na inaendelea? Hapo utakuwa na muda wa kuwaza, na hilo lenyewe ni zawadi, maana sasa hivi unawaza huku unakimbia. Mimi sikuamulii. Ukiibeba, usisubiri tumbo lionekane. Anza kliniki wiki hiyohiyo, useme kwanza kabisa habari ya presha. Kuna aspirini ya dozi ndogo ambayo wanawake wa historia yako huanzishiwa kuanzia wiki ya 12 hivi, inapunguza uwezekano wa presha kurudi, lakini uandikiwe, usijinunulie. Kuzaa kwako kupangwe hospitali kubwa. Baba wa mtoto ana wajibu wa matunzo kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, awe Mererani au mwezini, na ofisi ya Ustawi wa Jamii ndiyo mlango wa kuanzia. Huko ndiko pia wanakosikiliza mama anayeona hataweza kumlea mtoto.

Mimba ikiwa imeharibika au ikatolewa kwa matibabu, kumbuka yai linaweza kutoka tena ndani ya wiki mbili, kabla hujaona hedhi. Uliza njia ya uzazi wa mpango kabla hujaruhusiwa kutoka. Sindano ilikusumbua, basi ongea nao kuhusu kitanzi kisicho na homoni. Kwenye vituo vya serikali huduma hii ni bure.

Dada yako mwambie leo. Sijui kama atafurahi, huenda akakasirika. Lakini wewe umepasuliwa miezi 14 tu iliyopita, una maumivu ya upande mmoja, na mtu wa kwanza atakayekukuta ukizimia kwenye cherehani ni yeye. Akijua, atajua cha kumwambia daktari. Kama maneno hayatoki, mpe hii barua asome.

Toka Ngarenaro mpaka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru si mbali. Usile chochote njiani, inawezekana ukahitaji oparesheni. Ukifika mapokezi usiseme “tumbo linauma” ukakaa foleni. Sema hivi: nina mimba ya wiki saba, naumwa upande mmoja, natoka damu, nilijifungua kwa oparesheni miezi 14 iliyopita. Watakupitisha mbele.

Na lile kopo lishushe kabla hujatoka. Mtoto wa miezi 14 anapanda kila kitu, na kopo hilo analijua kuwa la kwake.